Data za macho zinapokataa: dalili, vyanzo na namna ya kutatua

Umerekodi washiriki, umefungua faili, na unachokuta ni nukta zilizotapakaa pembeni mwa skrini, mistari mirefu inayochomoka kwenda juu, na sekunde kadhaa zisizo na kitu kabisa. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au mtafiti wa saikolojia, isimu, elimu au ubunifu wa programu aliyekabidhiwa kifaa cha kufuatilia macho pamoja na kijitabu chake, halafu akaachwa ajitegemee. Nimeupanga kwa dalili, kwa sababu dalili ndiyo unayoiona. Chanzo inabidi ukisake.

Kwanza elewa kifaa chenyewe kinafanya nini. Vifaa vingi vya maabara humulika jicho kwa mwanga wa infraredi ambao mshiriki hauoni, kisha kamera hutafuta vitu viwili: mboni, inayoonekana kama duara jeusi, na mng'ao, ile nukta angavu ambapo taa ya kifaa inaakisiwa na konea, utando angavu unaofunika mbele ya jicho. Jicho likigeuka, mboni inaachana na mng'ao. Kichwa kikisogea kidogo, vyote viwili huhama pamoja. Programu hupima nafasi iliyopo kati yake na kuigeuza kuwa mahali kwenye skrini. Wazo hili ni la zamani: Raymond Dodge na Thomas Cline walikuwa tayari wanapiga picha mng'ao wa konea mwaka 1901.

Kwa hiyo chochote kinachochafua mboni au mng'ao kinachafua kila namba iliyo mbele yake. Fungua dirisha la picha ya jicho kabla ya kugusa kitu kingine. Wengi huanzia kwenye mipangilio ya programu ya uchambuzi, na huko hakuna dawa, maana hakuna hesabu itakayorudisha jicho ambalo kamera haikuliona.

Jicho halikamatiki, au linakamatika na kupotea

Swali la kwanza ni la mwanga. Jua lina infraredi nyingi kuliko taa ndogo ya kifaa chako, hivyo mshiriki aliyekaa karibu na dirisha saa nne asubuhi anaweza kusomeka vizuri, na saa nane mchana asisomeke kabisa. Balbu za zamani za waya na taa za halojeni nazo hutoa infraredi nyingi. Za LED na tyubu hazina shida kubwa. Weka pazia zito, mgeuze mshiriki alipe dirisha kisogo au ubavu, na usizime taa zote za chumba. Giza hutanua mboni mpaka kope zinaifunika, na skrini inayowaka gizani huchosha macho haraka.

Swali la pili ni lile ninaloulizwa mara nyingi: je, macho yetu meusi ndiyo yanayokishinda kifaa? Hapana. Rangi ya kahawia inatokana na melanini, na melanini hufyonza infraredi kidogo sana kuliko inavyofyonza mwanga wa kawaida. Chini ya taa ya kifaa, sehemu ya rangi inayoizunguka mboni, yaani airisi, hutoka ya kijivu hafifu hata kwa mtu ambaye macho yake kwa kutazama tu ni meusi ti, na mboni iliyo katikati hubaki nyeusi. Tofauti hiyo ndiyo programu inayoihitaji. Ni macho ya buluu ambayo airisi yake huonekana nyeusi zaidi kwenye infraredi na kukaribiana na mboni. Watafiti wa Uholanzi na Sweden wamekuta mara kadhaa kwamba data za macho ya buluu ndizo dhaifu zaidi. Kama picha yako ni mbaya na mshiriki ana macho ya kahawia, tafuta sababu kwingine. Usikubali kamwe kumwondoa mtu kwenye utafiti kwa hoja ya rangi ya macho.

Sababu hiyo mara nyingi ni wanja. Wanja, maskara na kope za kubandika hubaki nyeusi kwenye infraredi, na programu inayotafuta doa jeusi la mviringo hulishika lililo karibu. Utaona alama ya mboni kwenye skrini yako ikiruka kutoka katikati ya jicho hadi ukingo wa kope na kurudi. Waambie washiriki mapema, kwenye ujumbe wa mwaliko, waje bila wanja. Kumwomba mama wa watu aufute mbele ya wageni si adabu, na wanja uliofutwa nusunusu hufanya picha iwe mbaya kuliko mwanzo. Hijabu haina tatizo lolote, ilimradi ukingo wake usitupe kivuli juu ya jicho.

Miwani ya macho huleta mng'ao wa uongo, mara nyingi mkubwa kuliko wa konea. Usikimbilie kumvua mtu miwani anayoihitaji ili asome. Sogeza kamera chini kidogo au pembeni, au mwombe ainamishe uso kidogo sana, mpaka ule mng'ao wa kioo utoke juu ya mboni. Lenzi laini za kuvaa jichoni kwa kawaida hazisumbui sana. Zile ngumu ukingo wake hukata picha na zenyewe huteleza.

Halafu kuna afya ya jicho. Kwenye maeneo yetu ya jua kali na vumbi utakutana na watu wenye kile kinyama kinachoota kutoka upande wa pua kuelekea katikati ya jicho. Kikishafika kwenye konea, mng'ao huvunjika kila jicho linapogeukia upande wa sikio. Aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho ana lenzi ya bandia inayoweza kung'aa yenyewe ndani ya mboni. Mwenye makengeza asirekodiwe kwa wastani wa macho mawili, kwa sababu wastani utaangukia mahali ambapo hakuna jicho hata moja lililotazama; rekodi jicho moja analolitumia. Haya yote yanaulizwa kwa upole kwenye fomu ya mwanzo, na majibu yake yanakuokolea saa nzima ya kuhangaika.

Feni pia. Chumba kikiwa na joto, mtu huelekeza feni kwa mgeni wake kwa nia njema kabisa, na upepo hukausha macho. Mshiriki anapepesa mara kwa mara, machozi yanatanda juu ya konea, mng'ao unatawanyika. Geuza feni ipulize ukutani.

Kalibresheni inakataa, au inakubali sehemu tu ya skrini

Kalibresheni ni pale mshiriki anapotazama vitone vitano, tisa au zaidi ili programu ijifunze jicho lake. Ikikataa, angalia ni kitone gani kimekataa, kwa sababu mahali panasema chanzo.

Kona za juu zikikataa, kwa kawaida mng'ao umetoka kwenye mviringo wa konea na kuangukia kwenye weupe wa jicho. Skrini ni kubwa mno au iko karibu mno. Irudishe nyuma, au punguza eneo unalolitumia.

Safu ya chini ikikataa, ni kope ya juu. Mtu akitazama chini kope hushuka pamoja na jicho, na kwa wazee walio na kope zilizolegea hufunika nusu ya mboni. Inua skrini, na shusha kamera ili ichungulie kutoka chini. Kumwambia mzee afumbue macho kwa nguvu hakusaidii. Atafanya hivyo kwa dakika moja, utapata kalibresheni nzuri ya jicho lililokodolewa, kisha atapumzika na data zote zitahama.

Vitone vikikataa ovyo, leo hiki kesho kile, basi ni maelekezo. Washiriki wengi hukitangulia kitone: wanakisia kitakapotokea na jicho linaondoka kabla programu haijamaliza kupima. Weka mpangilio wa kubahatisha. Tumia kitone chenye kitu kidogo katikati, maana kitone kikubwa humpa mtu uhuru wa kutazama popote ndani yake. Na sema kwa maneno ya kawaida: "Mama, tafadhali tazama kale ka katikati mpaka kaondoke kenyewe, usikakimbie." Maneno hayo machache yana nguvu kuliko kitufe chochote cha programu.

Baada ya kalibresheni fanya uhakiki, yaani onyesha vitone upya na upime jicho limekosea kwa kiasi gani. Kwenye maabara zenye egemeo la kidevu, wengi hudai wastani wa kosa usizidi nusu digrii ya pembe ya kuona na kitone kibaya zaidi kisizidi digrii 1. Uandike huo wastani kwa kila mshiriki. Namba iliyotangazwa kwenye tovuti ya mtengenezaji ilipatikana kwa macho mazuri katika mazingira mazuri. Ya kwako ndiyo inayohusu utafiti wako.

Mituo inaangukia kati ya mistari

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tafiti nyingi za kusoma hufia hapa, na kusoma Kiswahili kuna madai yake.

Jicho linaposoma halitelezi juu ya mstari. Huruka na kutua, huruka na kutua. Kwa msomaji mzoefu kila mtuo huchukua wastani wa milisekunde 200 hadi 250, na mruko kati ya mituo huchukua milisekunde 20 hadi 40. Maneno mafupi ya herufi mbili au tatu mara nyingi hurukwa tu, na maneno marefu hutuliwa, mengine mara mbili. Sasa fikiria sentensi: "Wasipoziwasilisha ripoti zao kwa wakati, watatakiwa kujieleza." Neno la kwanza lina herufi 17, na ndani yake mna nafsi, ukanushi, sharti, kitendwa na kitendo chenyewe. Msomaji anaweza kutua mwanzoni, kisha karibu na mwisho wake. Mtafiti wa Kiswahili mara nyingi anataka kujua hilohilo: jicho limetua kwenye viambishi au kwenye mzizi? Swali hilo linadai usahihi wa herufi mbili tatu kwa upana, na usahihi wa mstari kwa wima.

Piga hesabu. Ukikaa sentimita 57 kutoka kwenye skrini, sentimita 1 juu ya skrini ni sawa na digrii 1 machoni. Maandishi ya pointi 12 yasiyoachiwa nafasi yana karibu nusu sentimita kati ya mstari na mstari. Kosa la nusu digrii, lile tulilokwishalikubali kuwa zuri, ni nusu sentimita. Yaani kifaa chako kikiwa katika hali yake nzuri bado kinaweza kukupeleka mstari wa pili wakati msomaji yuko wa kwanza. Anayeweka ukurasa mzima wa gazeti kwenye skrini na kutegemea kujua neno gani lilisomwa amejinyima jibu kabla ya mshiriki wa kwanza kuketi.

Tiba iko kwenye usanifu wa maandishi. Kama swali lako ni la neno moja, onyesha sentensi moja kwenye mstari mmoja katikati ya skrini. Kosa la wima halitakuwa na la kuharibu. Kama lazima iwe aya, acha nafasi ya sentimita 2 au zaidi kati ya mistari, tumia fonti ambayo kila herufi ina upana sawa, na ukubwa unaotoa kama herufi tatu kwa digrii moja. Neno unalolichunguza lisiwe mwanzoni wala mwishoni mwa mstari, kwa sababu huko jicho hutua kwa makosa likitoka kwenye mruko mrefu wa kurudi na kujirekebisha.

Ikiwa data zimeshakusanywa na mituo inaelea kati ya mistari, tazama umbo lake. Ikiwa yote imeshuka kwa kiasi kilekile, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, unaweza kuipandisha yote pamoja na kuandika wazi kwamba umefanya hivyo. Ikiwa juu iko sawa na chini imezidi kushuka, mtandazo umevutika, na zipo programu zinazopanga mituo upya kwenye mistari kwa kufuata mfuatano wa kusoma. Lakini ukijikuta unahamisha mtuo mmojammoja kwa mkono ili ukae juu ya neno unalolitaka, acha. Hapo umeanza kuandika majibu mwenyewe. Mwondoe mshiriki huyo, au angalau mwache mwenzako asiyejua dhana ya utafiti afanye kazi hiyo.

Na kama mwanzo wa jaribio ulikuwa sawa na mwisho umehama, chanzo ni mwili. Mtu aliyekaa wima dakika ya kwanza amejilaza kitini dakika ya ishirini. Weka kitone cha ukaguzi kabla ya kila sentensi, na kosa likizidi kiwango ulichojiwekea, rudia kalibresheni palepale. Kiti kisiwe cha magurudumu.

Nukta zinatetemeka hata mtu akitulia

Usahihi na uthabiti ni mambo mawili. Kifaa kinaweza kuonyesha mahali sahihi kwa wastani huku kila sampuli, yaani kila kipimo kimoja, ikirukaruka kando yake, na kinaweza kuwa tulivu kabisa mahali pasipo. Mtetemo hutokana na picha: jicho lililo nje ya fokasi, mboni ndogo mno, kope zinazoingia na kutoka, meza inayotikiswa na mtu anayeandika. Rekebisha lenzi ya kamera mpaka ukingo wa mboni uwe mkali. Tenganisha meza ya mtafiti na ya mshiriki.

Mtetemo mdogo ambao macho yako hayajali unaweza kuvuruga hesabu vibaya. Programu nyingi hutenga mruko na mtuo kwa kasi: jicho likizidi, tuseme, digrii 30 kwa sekunde, ni mruko. Kwenye kifaa cha hezi 60, yaani kinachochukua sampuli 60 kwa sekunde, tofauti ya digrii 0.05 kati ya sampuli na sampuli ni kasi ya digrii 3 kwa sekunde, si kitu. Kwenye kifaa cha hezi 1000 tofauti hiyohiyo inatokea ndani ya milisekunde 1, na kasi yake ni digrii 50 kwa sekunde. Jicho limetulia na programu inaapa kwamba linaruka. Ndiyo maana mtu akihamia kwenye kifaa ghali zaidi na kuacha mipangilio ya zamani hushangaa kuona mituo ya milisekunde 30 imejaa kwenye faili. Lainisha data kabla ya kupima kasi, au pandisha kiwango cha mpaka, na useme umefanya nini.

Dalili pacha ni mruko wa kwenda chini na kurudi, wenye shimo tupu katikati. Huko ni kupepesa. Kope inaposhuka hufunika mboni kutoka juu, programu inadhani kitovu cha mboni kimeshuka, halafu inapoteza jicho. Kata data za milisekunde 50 hadi 100 kila upande wa shimo. Na kasi inayozidi digrii 1000 kwa sekunde haitoki kwa jicho la binadamu, itupe.

Hezi 60 zinatosha kujua mtu ametazama picha ipi kati ya tatu na kwa muda gani kwa ujumla. Hazitoshi kupima urefu wa mruko wa kusoma, maana mruko wa milisekunde 30 utapata sampuli mbili tu. Hakuna programu ya kuongeza ambacho hakikurekodiwa.

Mboni zinatanuka, na hujui kwa nini

Tangu Daniel Kahneman na Jackson Beatty walipoonyesha mwaka 1966 kwamba mboni hutanuka mtu anapobeba tarakimu nyingi kichwani, watafiti wamekuwa wakiitumia mboni kama kipimo cha juhudi ya akili. Kipimo ni halali. Lakini mabadiliko yatokanayo na fikra kwa kawaida hayafiki nusu milimita, wakati mwanga unaweza kuibadilisha mboni kutoka milimita 2 hadi 8. Ukiona "juhudi kubwa" kwenye picha fulani, pima kwanza ung'avu wa picha hiyo. Zilinganishe picha zote kwa ung'avu, weka skrini ya kijivu ya ung'avu uleule kati ya jaribio na jaribio, na usiruhusu mlango ufunguliwe.

Chanzo cha pili ni pembe. Mboni inayotazama mbali na kamera huonekana kama yai, na eneo lake kwenye picha hupungua bila mboni yenyewe kubadilika. Neno lililo kona ya juu kulia halilinganishwi na lililo katikati. Weka kila kitu mahali pamoja.

Cha tatu ni kilichomo mwilini. Matone ya kupanua mboni ya kliniki ya macho huchukua saa kadhaa kuisha, na atropini hukaa siku kadhaa. Miraa ina kathinoni, ambayo hutanua mboni. Uliza, bila kuhukumu, na panga siku nyingine.

Tena, mboni inapobadilika ukubwa, kitovu chake nacho huhama kidogo, na programu husoma kuhama huko kama jicho limesogea. Ukikalibisha kwenye skrini nyeupe kisha ukaendesha jaribio kwenye skrini nyeusi, umejitengenezea kosa bila mshiriki kufanya lolote. Kalibisha kwa ung'avu wa jaribio lenyewe.

Muda haulingani na matukio

Jicho linaonekana limetazama picha kabla picha haijatokea. Kompyuta mbili, saa mbili. Amri ya kuonyesha picha na picha yenyewe kutokea ni matukio tofauti: skrini ya hezi 60 huchora kila milisekunde 16.7, na nyingi huchelewa zaidi ya hapo. Bandika kihisi cha mwanga kwenye kona ya skrini, fanya kona hiyo iwe nyeupe picha inapotokea, na upime ucheleweshaji halisi. Kama ni uleule kila mara, utoe. Kama unabadilikabadilika, tafuta kinachoibana kompyuta. Laptopu inayotumia betri umeme ukikatika hupunguza kasi ya kichakataji ili kuokoa chaji, na fremu huanza kudondoka bila onyo lolote. Tumia UPS, yaani betri ya akiba ya nje, zima masasisho na intaneti.

Miwani ya kuvaa na kamera ya laptopu

Miwani ya kufuatilia macho huteleza puani kwa jasho, kwa kicheko na kwa mazungumzo. Ifunge kwa kamba, na hakiki katikati na mwishoni. Kamera yake ya mbele haiko mahali lilipo jicho, hivyo ukikalibisha kwa ukuta wa mita 3 kisha muuzaji akapanga nyanya mbele ya kifua chake, alama itakaa kando ya nyanya anayoitazama. Kalibisha kwa umbali wa kazi. Nje, kofia yenye ukingo mpana husaidia kuliko programu yoyote.

Kamera ya laptopu hutumia mwanga wa kawaida, na katika mwanga huo mboni na airisi ya kahawia huwa kitu kimoja cheusi. Makosa ni ya digrii kadhaa. Inafaa kuuliza kama mtu ametazama kulia au kushoto. Usiitumie kwa maneno.

Data ni safi, na bado jibu linatatiza

Tuseme unaonyesha picha za nyuso, na washiriki wako wa Tanzania hawatui kwenye macho, wanatua puani. Kabla ya kuandika lolote kuhusu haiba au ugonjwa, rudi kwenye uhakiki. Uso wenye kimo cha sentimita 6, kwa umbali wa sentimita 57, ni digrii 6, na kutoka mstari wa macho hadi ncha ya pua hapazidi sana digrii moja na nusu au mbili. Kosa la wima la digrii 1 linatosha kumshusha mtu kutoka macho hadi katikati ya pua. Tazama vitone vya uhakiki vya washiriki haohao: je, vyote vimeshuka?

Kama havikushuka, swali sasa ni la utamaduni. Mwaka 2008 Caroline Blais, Roberto Caldara na wenzao walionyesha kwamba watu wa nchi za Magharibi hugawa mituo kati ya macho na mdomo, na wa Asia Mashariki huielekeza zaidi katikati ya uso, huku makundi yote mawili yakizitambua sura vizuri. Katika nyumba nyingi za pwani na za bara kijana hufunzwa asimkodolee macho mkubwa wake. Picha ya mzee na picha ya rika lake hazimwiti kwa namna moja. Weka umri wa uso kama kigezo tangu mwanzo. Usigundue baadaye kwamba nyuso zako zote zilikuwa za wazee.

Agizo pia hubadilisha jicho. Alfred Yarbus alimwonyesha mtu mchoro uleule wa Ilya Repin, akimuuliza mara umri wa watu waliomo, mara hali yao ya maisha, na kila swali lilizaa njia yake ya macho. Kama msaidizi wako wa Mombasa anasema "tazama tu" na wa Kisumu anasema "tazama vizuri, nitakuuliza", unao utafiti wa maagizo. Andika agizo, lisomwe neno kwa neno.

Hata mtuo uliotua mahali sahihi hauthibitishi kwamba kitu kimeonekana. Trafton Drew, Melissa Võ na Jeremy Wolfe walipachika picha ndogo ya sokwe ndani ya picha za CT za mapafu, wakawapa wataalamu wa radiolojia 24 watafute vinundu vya saratani. Ishirini hawakumwona sokwe, na kati ya hao 12 macho yao yalikuwa yametua juu yake. Kwa hiyo usiandike "mshiriki aliliona tangazo" ukiwa na mituo peke yake. Ongeza swali baada ya jaribio, la kukumbuka au la kutambua, na liulizwe kwa lugha ambayo mshiriki huizungumza nyumbani. Ripoti mituo kwenye safu moja na majibu kwenye safu nyingine, na pale zinapopingana ziache zipingane kwenye jedwali, msomaji azione.